Kilichotangulia Kuingia

Filimbi ndiyo iliyotangulia kunyamaza, na Fundi wala hakushtuka. Laiti angejua!

Kazi yake ilikuwa kutengeneza spika. Siku hiyo alikuwa ameokota jalalani spika kuukuu ya honi, ile yenye mdomo mpana kama funeli. Akaiunganisha, akaweka maiki mezani, akaijaribu kama alivyozijaribu zote. Akapiga ngoma. Ikatoka kavu, ta ta ta, kama debe tupu, maana honi haina kifua cha kubeba mdundo mzito. Akapuliza filimbi yake ya mwanzi. Lo! Ikatoka tamu ajabu, karibu mno, kana kwamba mpulizaji yumo mle ndani. Alipoipuliza tena bila maiki ikatoa pumzi tupu.

"Imeziba," akasema, akaitupia rafuni.

Kisha akamwita mkewe. "Njoo uniimbie kidogo. Honi inapenda sauti ya mtu."

"Wewe na vyuma vyako! Ipo siku utavioa," mkewe akacheka. Akaja na mtoto mgongoni, akaimba wimbo wake wa kumlaza. Alipomaliza akafungua kinywa amtanie tena mumewe. Hakikutoka kitu. Fundi akachomoa waya kwa hofu, lakini honi ikaendelea kuimba ule wimbo, polepole, na karakana ikanuka nywele zilizoungua.

Mtoto hakuzoea kulala bila sauti ya mama. Alilia hadi akapwelewa sauti. Fundi akainua nyundo aivunje honi, mkewe akamng'ang'ania mkono huku machozi yakimtiririka, kwani sauti yake imo mle.

Asubuhi akaletwa mganga, mama mmoja mkali asiye na salamu ndefu. Akanusa honi, akarudi nyuma.

"Kuna jini humu," akanong'ona. "Humeza kile anachoweza kukiiga. Ngoma humshinda, basi ngoma itamtoa. Ila atatapika kwa zamu. Kilichotangulia kuingia ndicho kitakachotangulia kutoka, na kitamwingia atakayekuwa mbele yake; kinachofuata kitakimbilia palipo patupu. Kabla ya mkeo alimeza nini?"

"Hakuna."

"Fikiri, baba."

"Hakuna, mama! Ni mke wangu tu. Fanya haraka, mtoto ananifia!"

Filimbi iliyoziba haikumjia hata akilini.

Wakamsimamisha mke mbele ya honi, mganga akaipiga ngoma, du, du, du, na kila pigo honi ikatetemeka na kukoroma, misumari ikaruka mezani, ile harufu ikawakaba koo, hata Fundi akafumba macho akimshika mkewe mabega na kumwomba Mungu, mpaka kitu baridi kikawapiga usoni, na baada yake kingine kikawapita kikielekea rafuni, kisha kukawa kimya.

Mganga akajifuta jasho. "Ametoka. Sema, mwanangu."

Mke akampakata mtoto, akatabasamu, akafungua kinywa amwimbie. Ikatoka filimbi.

 Fundi akajikokota hadi rafuni, akaitwaa ile filimbi yake, akaipeleka mdomoni, akapuliza kidogo tu.

"Fundi," ikanong'ona kwa sauti ya mkewe. "Mbona huku giza?"