Video ya Dakika Nne

Chepngeno alikuwa Gredi ya Saba, akiishi Boito na nyanya yake, aliyemwita Kogo kama wanavyosema Wakipsigis. Mama yake alifanya kazi Nakuru, na ndiye aliyewanunulia simu ili waonane wakizungumza. Kogo hakujua kuitumia, kwa hiyo mwenye simu hasa akawa Chepngeno.

Kila jioni baada ya kufungia ndama, alikaa kizingitini akafungua programu ya video na kupitia rasimu zake, yaani zile video alizokuwa amerekodi lakini hajazimaliza wala kuzituma. Alikuwa nazo kumi na saba. Hii aliikata mwanzo, ile akaiwekea muziki, nyingine akaiandikia maneno, kisha akazihifadhi tena. Kwa kazi hiyo alikuwa na subira ya ajabu. Kwa kazi ya kuchuma chai, hata chembe hakuwa nayo.

Jumamosi moja Kogo alimwachia mistari mitatu ya mwisho shambani. Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi lake, tena huchumwa kwa vidole. Chepngeno alichuma kwa ngumi. Alizoa majani magumu na vijiti vyake, akayatia chini ya gunia na kuyafunika kwa majani laini. Alitaka tu wamalize haraka. Kogo, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hakuona kitu.

Kwenye kituo cha kupimia chai, karani Phelix Ouko alimwaga majani yao mezani kuyakagua, kama alivyomfanyia kila mkulima. Chepngeno alisimama kando akirekodi, kama kawaida yake. Ouko hakuwa Mkipsigis, alitoka upande wa ziwani, lakini alikuwa amekaa Boito miaka kumi na mmoja, na binti yake Adongo aliketi dawati moja na Chepngeno.

Karani alimwonyesha Kogo yale majani magumu kwa upole. Akamwomba ayachambue, akaahidi kumngoja hata kama lori limefika. Kogo akakataa katakata. Alisema tangu aolewe hajawahi kurudishiwa majani, na kwamba mtu wa kuja hawezi kumfundisha chai. Ouko akamsihi mara ya pili, na ya tatu. Lori likapiga honi, wakulima wengine wakaanza kunung'unika. Hapo ndipo karani alipoyasukuma majani yale yakamwagika chini ili mwingine apimiwe. Kogo akaketi pale pale sakafuni, akalia mbele ya watu wote.

Chepngeno aliona aibu, na aibu ile akaigeuza hasira. Kesho yake baada ya kanisa, alimwonyesha rafiki yake Nelvine ile video. Ilikuwa ya dakika nne.

"Hii ni ndefu, hakuna mtu ataangalia yote," Nelvine alisema. "Weka tu pale anamwaga."

Chepngeno akakata. Zikabaki sekunde kumi na mbili: mkono wa karani unasukuma, Kogo anakaa chini, Kogo analia. Akaongeza muziki wa huzuni na kuandika kwamba karani anawadhulumu akina mama wazee. Ile nzima akaiacha katika rasimu. Akatuma.

Kufikia Jumatatu jioni watu elfu arobaini walikuwa wameitazama. Mwanzoni walimhurumia Kogo. Halafu wakamtukana Ouko, kisha wakawatukana watu wa kwao wote, wakaandika arudi alikotoka. Jumanne akasimamishwa kazi. Jumatano Adongo hakuja shule. Alhamisi vijana walikwenda kwenye nyumba ya karani nyuma ya maduka, wakavunja madirisha kwa mawe. Jiwe moja lilimpata Jerusa, mama yake Adongo, juu ya jicho. Alishonwa nyuzi saba.

Chepngeno aliposikia habari hiyo, aliacha chakula akaichukua simu. Alifungua rasimu, akaweka kidole kwenye neno la kufuta. Akiifuta, basi, hakuna atakayejua kamwe. Lakini aliisikia sauti ya Ouko ikisema, "Chambua tu, Kogo, nitakungoja," na kidole kikagoma. Hakufuta. Wala hakusema, na hapo ndipo ninapomlaumu zaidi, maana alikaa na siri ile siku nzima huku mtoto mwenzake akifagia vioo.

Ijumaa jioni Kogo alisukuma sahani yake kando. "Yule mama amekosea nani?" aliuliza. "Labda ningenyamaza tu. Lakini majani yangu yalikuwa safi. Chepngeno, si tulichuma pamoja? Si yalikuwa safi?"

Chepngeno akaichukua simu.

"Hayakuwa safi, Kogo. Ni mimi nilichuma yale magumu, nikayaficha chini."

Akafungua rasimu, wakaitazama video yote. Kogo alijisikia mwenyewe akisema "mtu wa kuja". Akaomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili, alijifunika uso kwa kitambaa.

Jumamosi kituoni, mbele ya wakulima na maofisa wa kiwanda cha chai, Chepngeno alicheza video nzima na kukiri kwa kinywa chake mwenyewe. Ouko akarudishiwa kazi siku hiyo hiyo. Jioni msichana aliituma ile ya dakika nne. Waliotazama hawakufika hata mia tatu.

Jumapili Kogo na mjukuu wake walikwenda nyumbani kwa Ouko kuomba msamaha. Walikuta vitu vimefungwa, godoro liko nje. Jerusa alikuwa na bandeji usoni. Kogo alimshika mikono, akalia, akasema amekosa. Ouko aliwashukuru kwa kuja, akasema amewasamehe, lakini ameomba kuhamishiwa kituo cha mbali, kwa sababu mke wake hushtuka kila anaposikia hatua za watu.

Adongo alitoka amebeba beseni la vyombo. Akasimama mbele ya Chepngeno.

"Ulikuwa na ile yote?"

"Ndiyo."

"Tangu siku ile?"

"Ndiyo."

Adongo akapita, akapakia beseni kwenye pikapu.

Njiani Chepngeno alianza kusema kwamba si yeye aliyerusha mawe. Kogo akasimama.

"Sikiza, mjukuu wangu. Kabla ya hiyo simu ulishanidanganya shambani, na uongo mdogo ukikosa kukamatwa unatafuta mkubwa. Kuonyesha watu nusu ya jambo, na nusu nyingine unayo mfukoni, huo ni uongo kamili. Kesho shuleni watakuuliza Adongo alienda wapi. Usiwaambie ni vijana. Waambie alifukuzwa na wewe, na mimi pia."