Nguvu Iko Nyuma

Ndugu zangu, leo nina ugomvi na watu wanaojua kila kitu. Wenye magari sogeeni karibu, maana nitawagusa, na atakayenuna anune.

Palikuwa na nyumba moja yenye amani yake. Baba alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate, na mtaa mzima ulimwita Bwana Gia. Mama alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, imejaa vitambaa na sponji. Asubuhi moja ya Jumamosi cherehani ilikuwa inakwenda, binti yao mdogo amekaa kwenye kiti cha basi kinachongoja kushonwa, anatafuna mkate na kumsimulia mama yake ndoto. Hakuna aliyekuwa na neno na mwenzake.

Mara nje pakasikika mngurumo, vikombe vikatetemeka mezani.

"Mke wangu, toka uone mambo!"

Bwana Gia alikuwa amekuja na gari la michezo, jekundu, milango miwili, boneti refu. Lilikuwa limetumika, lakini nguvu zake zilikuwa nzima. Fundi akalizunguka polepole.

"Injini iko mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, sivyo?"

"Hasa! Ndiyo utamu wake."

"Na nani atakufundisha kuliendesha?"

Mumewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Anifundishe mimi? Nimeshika usukani wewe ukiwa bado unashonea wanasesere!"

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa nyumba ile. Katika ukoo wa Bwana Gia, neno "sijui" lilikuwa tusi. Mtu wa kwao akipotea njia, atazunguka mji mzima kuliko kumuuliza muuza magazeti. Yeye na kaka zake ujuaji huo waliuita uanaume, na mama yao aliushangilia tangu wakiwa watoto. Msicheke, wako wengi kwenu pia.

Wiki ile ile Bwana Gia akanunua matairi mawili mapya, akayafunga mbele. Ya nyuma akayaacha yamelika, laini kama kiganja. Ndivyo alivyozoea kwenye gari la mikate, ambalo linavutwa na magurudumu ya mbele. Mkewe alipouliza, akajibiwa kwa mkato: "Mbele ndiko kwenye kazi."

Fundi hakubishana. Alikwenda kwa mwanamke mmoja aliyewahi kuendesha mashindano, ambaye sasa alikuwa akifundisha watu magari ya aina ile kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa. Wanafunzi wake walimwita Kocha. Majirani walipopata habari, weee! "Mama Viti anataka kombe!" Akawaacha na midomo yao.

Kocha alimwaga maji uwanjani, akamkabidhi gari lake la mazoezi. Kwenye kona ya kwanza Fundi akakanyaga mafuta, mkia ukahama, gari likazunguka kama pia. Lilipotulia, lilikuwa limetazama lilikotoka.

"Mguu wako ulifanya nini?" Kocha akauliza.

"Ulikurupuka. Niliachia mafuta ghafla, nikakanyaga breki."

"Basi ndiyo hivyo. Uzito wote ukakimbilia mbele, nyuma pakabaki pepesi, na nyuma ndiko nguvu iliko. Punguza mafuta kwa upole. Macho yatazame unakotaka kwenda, si ukuta unaouogopa. Mkia ukienda kulia, usukani nao kulia, kidogo tu, halafu rudisha mapema. Na matairi mazuri yakae nyuma."

"Bado sijui. Nionyeshe tena."

Alilisema neno hilo siku baada ya siku, bila haya, mpaka mguu ukashika adabu. Siku mkia ulipohama naye akaurudisha bila kupiga kelele, alicheka peke yake ndani ya gari kama mwendawazimu.

Nyumbani akamwambia mumewe yote, na akamwomba abadilishe matairi na aende kwa Kocha.

"Thubutu! Nikafundishwe na mwanamke, mtaa unione?"

"Basi mwanangu hapandi humo mpaka ujifunze."

Jumapili moja mvua ikanyesha kutwa. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwachukua mwanawe na mjukuu, wakale chakula kwake. Bwana Gia akachukua ufunguo, akamwita binti akae mbele kwenye kiti cha abiria, bibi akae nyuma. Fundi akasimama mlangoni, mkono wa mtoto mkononi mwake.

"Mtoto haendi."

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema, "unamvunjia mwanangu heshima mbele ya mtoto wake?"

"Mama, nakuheshimu. Lakini haendi."

"Ni mtoto wangu pia!" Bwana Gia akafoka.

"Ni wako. Ndiyo maana sikuelewi."

Mama mkwe akafyonza. Bwana Gia akatoka kwa hasira, akaondoka peke yake, hata mama yake akamwacha, injini ikilia mtaa mzima. Nawaambia ukweli, ndugu zangu. Kumzuia mume mbele ya mama yake si mchezo. Lakini Fundi mlango hakuuachia.

Kwenye kona ya ghala la mbao palikuwa na watu wamejikinga mvua. Bwana Gia alipowaona, akakanyaga mafuta ili wamsikie. Mkia ukahama. Naye, dereva wa miaka na miaka, akafanya kile kile alichofanya mkewe siku ya kwanza: akaachia ghafla, akapiga breki. Gari likazunguka, likapiga nguzo ya taa kwa upande wa abiria.

Kishindo kilifika nyumbani. Fundi na mama mkwe wakakimbia mvuani. Bwana Gia walimkuta amekaa barabarani, mfupa wa bega umevunjika, lakini anapumua na kulia. Nguzo ilikuwa imeingia mpaka katikati ya kiti cha abiria. Mama mkwe alikitazama kiti kile, akakaa kwenye matope. Akamshika Fundi mguu.

Baadaye kaka za mume wakaja na uamuzi wao. Gari lina mkosi, likauzwe vyuma chakavu.

"Mkosi gani?" Fundi akawaka. "Gari lilifanya lilichoamrishwa! Litatengenezwa, matairi mapya yatakaa nyuma, na ataliendesha anayekubali kujifunza. Hapa nyumbani tumemaliza na ujuaji."

Bega lilipopona, Bwana Gia akaenda uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Gari likazunguka naye kama pia, likazunguka tena. Kaka zake walikuja kuegemea uzio, wakacheka mpaka machozi.

"Gia! Siku hizi hujui kuendesha?"

Akashusha kioo. Uso ulikuwa umemvimba kwa aibu, lakini sauti ilitoka kamili.

"Sijui! Ndiyo, sijui! Na nilikaribia kumuua mwanangu kwa kutojua! Wewe unayejua, njoo uingie!"

Hakuna aliyeingia. Akapandisha kioo, akamgeukia Kocha, akasema, "Nionyeshe tena."

FUNZO

Ndugu zangu, kuendesha gari dogo kwa miaka mingi hakukufanyi bwana wa kila injini. Gari lenye nguvu lina tabia zake, na tabia hujifunzwa uwanjani, mbele ya mwalimu, si mtaani mbele ya watoto wetu. Na wewe mama, wewe baba, unayeona hatari inamwita mwanao, simama mlangoni hata ukoo mzima ukinuna. Wanaocheka wanafunzi waache wacheke. Ukichekwa, chekwa ukiwa hai, na mwanao akiwa hai pembeni yako.