Oleta Hakuulizwa

Jumamosi moja ya mwaka 1938, soko la mji wa Knoxville, Marekani, limefurika, Oleta Grindstaff alikuwa akichagua viazi huku akiimba chini chini. Gauni lake la maua ya bluu lilikuwa bado limenasa nyuzi za kiwanda cha soksi alikofanya kazi.

"Sauti hiyo umeiiba wapi, dada?"

Akageuka. Kijana mrefu, kofia kisogoni, fidla kwapani.

"Nimezaliwa nayo. Hiyo fidla yako ndiyo inaonekana ya wizi."

Verlin Cate akacheka mpaka muuza viazi naye akacheka. Alikuwa akipiga fidla katika kipindi cha mchana cha redio, na haukupita mwezi wakawa hawaachani. Oleta alikuwa na wimbo wake mwenyewe: mke anamwambia mume mlevi kwamba nyumba kaibomoa yeye, asimsingizie mtu. Verlin akamwombea nafasi redioni.

Siku ilipofika, Oleta amesimama mbele ya kipaza sauti, akamsikia Verlin akitangaza kwa furaha: "Na sasa, mke wangu mpenzi, Bibi Cate!"

Damu ikampanda. Akageuka, akatoka, wimbo haukuimbwa.

Jioni simu ya nyumba aliyopanga ikalia. Akasikia sauti ya Verlin, akaikata. Ikalia tena, akaikata. Mara ya tatu akasikiliza.

"Mpenzi, nisikilize. Meneja alisema mwanamke asiye na mume hawezi kuwasema waume hewani. Nikaona—"

"Ukaona unioe bila mimi kujua?"

"Nilitaka uimbe tu, Oleta."

"Ungeniuliza, ningekwambia siimbi kwa jina la mtu!"

Usiku kucha hakupata usingizi. Hasira ilikuwa kali, na kumtamani kukawa kukali zaidi.

Kesho yake mchana, mama mwenye nyumba akamwita mbio sebuleni. Sauti ya Verlin ilikuwa ikitetemeka redioni: "Jana niliwadanganya. Oleta Grindstaff si mke wangu. Wimbo ni wake, jina ni lake, na mimi nilimkosea." Kisha kishindo, kisha tangazo la unga.

Saa moja baadaye Verlin alikuwa mlangoni mwa chumba cha Oleta, amefukuzwa kazi, tai imepinda. Akaliona sanduku la nguo kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Cincinnati. Kuna stesheni kubwa ya redio kule. Niliwaandikia, hawajajibu. Nakwenda hivyo hivyo."

"Nikusindikize?"

"Kama nani?"

"Kama mpiga fidla wako."

Oleta akamwekea tai sawa, mikono ikikawia kifuani pake.

Ndani ya treni, mkaguzi wa tiketi akawatazama mmoja mmoja. "Wewe na mkeo mnashuka wapi?"

Verlin akamgeukia Oleta.

"Cincinnati," Oleta akajibu. "Na huyu ni mchumba wangu."

Mkaguzi akapita. Verlin alikuwa amekodoa macho.

"Hukuniuliza!"

"Nakuuliza sasa," Oleta akasema, uso ukiwaka. "Haya, jibu."