Si Mafua, Mwalimu

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mabati na upepo baridi ukipenya chini ya mlango wa jikoni. Msichana mmoja wa miaka kumi na minne alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni akifua shuka lake. Shule nzima ilimwita Kambare, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuzama na kukaa chini ya maji mpaka wenzake waanze kupiga kelele. Hakuwa ametumwa kufua. Siku zake zilikuwa zimeingia usiku ule, mapema kuliko alivyozitarajia.

Mama yake, ambaye alikuwa dobi katika hospitali ya mji, alipita na kikombe cha chai mkononi, akachungulia.

"Maji ya moto hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaga. Damu hufuliwa kwa maji baridi. Miaka kumi na saba nafua damu za watu, za matajiri na za wachukuzi, na iliyonishinda ni ile tu ambayo mjanja mmoja aliitangulizia maji ya moto."

Kambare alimwaga, akateka mengine. Jambo moja hakumwambia mama yake. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuogelea.

Kila Jumanne na kila Alhamisi darasa lao lilikwenda katika bwawa la halmashauri, ng'ambo ya uwanja wa michezo. Mwalimu wa kuogelea alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye filimbi shingoni na daftari la udhuru kwapani. Asiyeweza kuingia majini aliandika sababu yake kwa mkono wake mwenyewe, akaketi benchi. Mwenye udhuru wa tatu katika muhula mmoja alifutwa katika jaribio la waokoaji. Jaribio hilo lilikuwa Alhamisi ya wiki ileile, na wanafunzi sita tu wangechaguliwa kufunzwa kuwaokoa watu majini. Umri wa mwisho ulikuwa miaka kumi na minne. Kwa Kambare hapakuwa na mwaka ujao.

Naye alikwisha kuwa na udhuru mara mbili. Mara zote mbili aliandika neno moja: mafua.

Haikuwa mafua. Lakini wasichana wote wa darasa lile waliandika hivyo. Mmoja aliandika mafua, mwingine kichwa, mwingine tumbo, na wale wa darasa la mbele waliwarithisha wa nyuma maneno hayo kama vitabu vilivyochakaa. Hakuna aliyewahi kuandika hedhi.

Asubuhi ile Kambare alikataa kuandika udhuru wa tatu. Alivaa pedi yake ya kawaida ndani ya vazi la kuogelea, akapiga moyo konde, akaruka majini. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vyema. Katika wa pili alihisi pedi imevimba na kuwa nzito kama mkate uliotumbukizwa chaini. Katika wa tatu gundi iliachia. Alipogeuka ukutani aliiona ikielea nyuma yake, mbele ya macho ya watu thelathini na wanne.

"Kambare ametaga!" alipiga kelele mvulana mmoja, na bwawa zima likalipuka kwa kicheko.

"Maji yamechafuka! Mwalimu, maji yamechafuka!" alilia kiranja wa darasa, msichana aliyeitwa Rula kwa jinsi alivyopenda kuwapima wenzake. Alikwisha kutoka majini kabla ya sentensi yake kwisha.

Filimbi ililia. Mwalimu aliwatoa wote, akamwelekea Kambare bila kumtazama usoni.

"Nenda ukavae. Alhamisi utakaa benchi. Usiingie majini mpaka utakapopona."

"Sijaugua, mwalimu."

"Daftari langu linasema umeugua mara mbili muhula huu."

Kambare aligeuka kwenda kuvaa. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemziba mdomo.

Jioni, nyumbani, mama alikuwa akipiga pasi, na shangazi, dada wa baba yake, ambaye alikuwa mkunga katika hospitali ileile, alikuwa ameketi kwenye kigoda akivua viatu vyake vya kazi. Kambare aliwasimulia yote. Alipofika kwenye pedi iliyoelea, mama aliiweka pasi kando na kuanza kutikisika mabega.

"Wifi, acha kumcheka mtoto," alisema shangazi.

"Simcheki yeye, naicheka pedi. Maskini wa watu, ilizoea kunyonya kijiko kimoja kimoja, leo ikakabidhiwa bwawa zima!"

Kambare alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lakini kicheko cha mama kilikatika ghafla.

"Sasa niambie. Nani aliugua mafua katika nyumba hii?"

Kambare alianza kukunja nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

"Nauliza, kwa sababu sikumbuki kununua dawa."

"Wote huandika hivyo, mama."

"Sikuuliza habari za wote."

"Niliandika mimi. Mara mbili."

"Basi usimlaumu mwalimu peke yake. Mwanamume yule amesoma mlichomwandikia. Miaka yote mmemwambia kwamba ninyi ni wagonjwa, leo mnamshangaa akiwaita wagonjwa?"

Maneno hayo yalimwingia Kambare kuliko kicheko cha bwawani. Aliinamisha kichwa. Shangazi alimvuta karibu yake.

"Tuanze na mwili, tutafika kwenye daftari," alisema. "Hedhi si ugonjwa, na msichana mwenye hedhi anaweza kuogelea. Pedi, ya karatasi au ya kitambaa, haifai majini, maana imetengenezwa kunyonya, nayo hunyonya chochote inachokutana nacho. Majini kuna vitu vingine. Kuna tamponi, ambayo huvaliwa kwa ndani. Kuna kikombe cha hedhi, laini, kinachokinga damu badala ya kuinyonya. Na kwa asiyetaka kuvaa kitu cha ndani, kuna chupi za kuogelea zilizoshonwa kwa kazi hiyo. Hakuna wa kumchagulia mwenzake."

"Kitu cha ndani hakiwezi kupotelea humo?"

"Kipotelee wapi, mwanangu? Tumboni mwako kuna soko?"

Shangazi alikwenda kwake, nyumba ya tatu, akarudi na pakiti ya tamponi nyembamba kabisa. Alimwelekeza hatua kwa hatua, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kumwelekeza mtu kufunga bandeji. Anawe mikono kabla na baada. Asiharakishe. Uzi ubaki nje. Abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, na kamwe zisipite nane. Akitoka majini aitoe, avae pedi kavu. Akiona homa ya ghafla, kutapika au vipele, aitoe mara moja na aende hospitali.

Jaribio la kwanza, nyuma ya mlango wa bafu, halikufaulu, kwa kuwa alikuwa amejikaza kama mtu anayesubiri sindano. "Pumua!" shangazi alimwambia kutoka nje. "Huendi vitani." Kesho yake alijaribu tena, akaweza. Alishangaa kwamba hakuhisi kitu.

"Nitamwandikia mwalimu wako barua," alisema shangazi.

"Ya ugonjwa gani, shangazi?"

Mkunga alimtazama mama, mama akamtazama mkunga.

"Nitasema mwenyewe," alisema Kambare. "Na mafua yangu pia nitayasema."

"Uongo katika daftari la shule una adhabu," mama alimkumbusha. "Anaweza kukufuta kwa hilo."

"Anifute kwa kosa langu. Asinifute kwa mwili wangu."

Mama alichukua vazi la kuogelea, akalipiga pasi, ingawa vazi la kuogelea halipigwi pasi.

Alhamisi jua lilikuwa kali. Mwalimu alipoanza kuita majina kando ya bwawa, jina la Kambare halikutajwa. Alitoka benchi akiwa amekwisha kuvaa vazi la kuogelea, akasimama mbele yake, miguu pamoja, mikono ubavuni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kufanya jaribio."

"Marahaba. Nilikwambia upone kwanza."

"Si mafua, mwalimu. Hayakuwa mafua hata siku moja. Ni hedhi."

Mtu mmoja alikohoa. Wavulana walitazama vidole vya miguu yao. Mwalimu alilihamisha daftari kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Mambo hayo yana mahali pake pa kusemewa."

"Jumanne nilitolewa majini mbele ya watu wote, mwalimu. Nami nasema mbele ya watu wote. Niliandika uongo mara mbili. Niliogopa neno lenyewe. Nakubali adhabu ya uongo. Adhabu ya hedhi siikubali."

"Atachafua maji!" alisema Rula.

"Hapana," Kambare alimgeukia. "Leo nimevaa kinachofaa majini. Nilikosea Jumanne kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Wewe je, umewahi kumwuliza nani?"

Rula hakuwa na kipimo cha swali hilo.

Mwalimu alielekeza kidole kwenye bango la kanuni za bwawa, akalisoma kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. "Vidonda vilivyo wazi. Magonjwa ya kuambukiza. Ulevi." Alirudia kusoma tangu juu. Neno alilolitafuta halikuwapo.

"Kwa uongo wako," alisema hatimaye, "utapiga deki vyumba vya kubadilishia nguo, wiki mbili, kila baada ya masomo. Kuanzia leo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ama kuogelea, sina kanuni ya kukuzuia. Mstari wa nne."

Jaribio lilikuwa na sehemu mbili: mizunguko minane kwa muda usiozidi dakika sita, kisha kumkokota mtu aliyezama kutoka upande mmoja wa bwawa hadi wa pili. Kambare aliogelea mizunguko minne bila taabu. Katika wa tano tumbo lilimkaba chini ya kitovu, kama mkono unaokamua nguo. Alimwona mwalimu ukingoni akiinua filimbi, tayari kumtoa. Kambare alitikisa kichwa majini, akauma meno, akarefusha mikono. Katika wa saba maumivu yalilegea. Aligusa ukuta kwa dakika tano na sekunde kumi na nane.

"Sehemu ya pili," alisema mwalimu. "Rula, wewe ndiye uliyezama."

"Mimi, mwalimu? Pamoja na yeye?"

"Waliozama hawachagui mwokozi."

Rula alishuka majini kana kwamba anashuka katika mchuzi wa moto. Kambare alimshika kidevu, akamlaza chali, akaanza kurudi nyuma kwa miguu.

"Usinibane pua," alilalamika Rula.

"Kaa kimya. Mtu aliyezama haongei."

Walipofika katikati Rula alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini kabisa: "Kambare. Lile tumbo nililoandika mwezi uliopita..."

"Najua. Lala vizuri, unanizamisha."

Walifika ukingoni. Rula alipanda ngazi, akasimama akichuruzika maji, na badala ya kwenda kuchukua taulo aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, na mimi niliandika uongo. Mara moja. Halikuwa tumbo."

Mkono wa pili uliinuka. Kisha wa tatu. Kisha msichana mmoja mfupi wa nyuma aliuliza iwapo kichwa nacho kinahesabika, na hata mwalimu hakuweza kuzuia tabasamu.

Aliwaketisha wote, wavulana kwa wasichana. Akalifungua daftari.

"Miaka sita nimelisoma daftari hili," alisema, "nikaamini kwamba ninafundisha wasichana dhaifu. Mlinidanganya, na uongo ule umewagharimu nyinyi wenyewe, kwa sababu mtu akiificha shida yake hapati wa kumsaidia, bali hupata wa kumhukumu. Hilo ni kosa lenu. Langu ni kubwa zaidi. Mimi ni mwalimu, na sikuuliza. Wiki ijayo nesi wa shule atakuja kufundisha jambo hili hapahapa, na wavulana hawatatoka nje. Nyote mna mama, na wengi mna dada. Kuanzia leo hedhi si udhuru wa kuhesabiwa. Anayetaka kuogelea ataogelea. Anayetaka kupumzika atasema ukweli na kupumzika, wala hatafutwa."

Alilifunga daftari, akamgeukia Kambare. Alisimama wima.

"Jumanne nilikudhalilisha mbele ya watu hawa. Deni la namna hiyo halilipwi chemba. Naomba radhi mbele yao."

"Nimepokea, mwalimu."

"Umefaulu. Jina lako ni la kwanza katika wale sita." Alisita kidogo, sauti yake ikalainika. "Na ile deki nimekusamehe. Umekwisha kulipa vya kutosha leo."

"Hapana, mwalimu," alisema Kambare. "Nilichofanya leo kilikuwa haki yangu. Ule uongo sijaulipia bado. Ndoo ziko wapi?"

Mwalimu alimtazama, akamwonyesha mlango wa stoo. Kambare alikwenda kubadilisha nguo, akatoa tamponi, akavaa pedi kavu. Alipotoka alikunja sketi yake magotini, akachukua ndoo na dekio, akaanza na chumba cha wasichana.