Vanishi ya Chiriku

Kila jioni Chiriku alirudi kutoka shule, akatupa begi kitandani na kumfuata bibi yake jikoni, mdomo ukienda mbio. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Lakini wiki ile alinyamaza kabisa. Bibi alikuwa anamfundisha kufinyanga sanamu ya Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, kwa ajili ya sikukuu waliyoisherehekea nyumbani kila mwaka.

Na bibi huyo, jamani, alikuwa na mikono! Tonge la udongo ulionunuliwa kwa mfinyanzi liliingia viganjani mwake likatoka mkonga. Chiriku alipewa masikio, na moja likawa kubwa kuliko jingine.

"Liache hivyo hivyo," bibi akacheka. "Upande huo atatusikia vizuri zaidi."

Sanamu haikuchomwa, ilikaushwa tu, kwa sababu siku ya kumuaga Ganesh hutumbukizwa majini iyeyuke. Jambo hilo lilimkera Chiriku. Kazi yote ile iishie kwenye beseni? Akachukua vanishi ya baba yake, seremala, akaipaka sanamu yote kwa siri. Harufu haikumshtua mtu, maana nyumba ile ilinuka vanishi mwaka mzima.

Sikukuu ilifana. Waliwasha taa, wakapanga maua na vitamu, wakaimba; mng'ao wa sanamu ukadhaniwa ni wa taa. Majirani waliisifu sanamu hadi bibi akaona haya.

Jioni ya kuaga ikafika. Bibi aliitumbukiza sanamu taratibu, wote wakasubiri. Maji yalibaki meupe. Ganesh alikaa ndani ya beseni, aking'aa.

"Mfinyanzi katuchezea!" baba alifoka. "Katuuzia udongo wenye saruji. Namfuata sasa hivi, na udongo wake hatununui tena!"

"Miaka yote hii hajawahi kunidanganya," bibi alisema kwa huzuni.

Baba alikwisha kuvaa kiatu kimoja. Chiriku alimkumbuka mfinyanzi, aliyempa udongo wa nyongeza wa kujifunzia.

"Baba, ngoja. Mfinyanzi hana kosa. Ni mimi niliyepaka vanishi. Sikutaka iyeyuke."

Baba aligeuka. "Vanishi yangu ya milango?" Akavua kiatu, akaleta msasa. "Haya, fundi. Sugua."

Chiriku alisugua huku machozi yakimtoka, bibi akiishikilia sanamu kwa heshima. Walipoirudisha majini, lile sikio kubwa lilianza kulainika, kisha mkonga. Asubuhi bibi alimwaga tope lile kwenye maua.

"Kazi yako haikupotea, mjukuu wangu," alisema. "Udongo umerudi ardhini, ufundi umebaki mikononi mwako. Ila jina la mfinyanzi lingechafuka, tusingelisafisha kwa msasa. Umekosea, lakini umesema kweli kabla baba yako hajatoka mlangoni. Nimejivunia hilo kuliko sanamu. Sasa mpelekee mfinyanzi vitamu, umweleze mwenyewe."

Chiriku alichukua sahani, akasita.

"Bibi, mwakani nitafinyanga masikio tena?"

"Masikio na mkonga," bibi akamjibu.