Wimbo wa Sita Hauna Kiitikio

Bi Mwanamvua hakuita mtu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, sala ya alasiri imekwisha, anapembua mchele, na kinywani ana tambuu nene hata salamu ya jirani aliijibu kwa nyusi. Kwa hiyo aliposikia kutoka chumbani, "Abee!", alidhani kuna mgeni kapitia mlango wa uani.

Sada, mjukuu wake, akatoka mbio, waya za masikioni zinaning'inia shingoni.

"Bibi, umeniita?"

Bi Mwanamvua akatema tambuu kwenye kopo, maana huwezi kugomba na kinywa kimejaa. "Nikuite kwa kinywa hiki? Au nimekuita kwa pua?"

"Nimekusikia kabisa. Umesema, Sada."

"Mke mwenzangu, masikio yako yameoza kwa hiyo miziki. Rudi ndani."

Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo. Mara ya kwanza bibi alikuwa chooni, mara ya pili alikuwa juu ya msala, na anayesali haiti watu. Lakini kilichomkera hasa si kule kuitika. Asubuhi yeye mwenyewe alikuwa amemwita kweli, tena mara nne, kwamba chai inafurika, na Sada alikuwa palepale jikoni, anaitazama chai inavyomwagika juu ya makaa, asiitike.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Wengine walikufa au walihamia Dar, na bibi aliwahesabu sawasawa. Sada alikuwa na miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi karibu na stendi ya Bagamoyo. Hakuwa mvivu wala mzururaji. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, roki. Tena si roki ya wenye majina. Alipenda bendi zisizo na kampuni wala meneja, vijana watatu au wanne wanaojirekodia stoo, na albamu ikitoka inasikilizwa na watu mia mbili dunia nzima. Wenyewe wanaiita indi. Bi Mwanamvua aliiita kuburuza bati.

Alikuwa na grupu lake la wasapu, Magitaa ya Stoo, watu arobaini na mmoja, wa Bagamoyo, Dar na Tanga. Humo walipeana habari kama wanawake kisimani: bendi fulani imevunjika, mpiga besi karudi kufundisha hesabu, fulani katoa nyimbo nne alizorekodi mvua ikipiga bati, usikose ya tatu. Sada ndiye aliyekuwa admini, na kanuni aliitunga yeye. Ukipendekezewa albamu, ukaisikiliza, jibu kwa sauti yako. Kidole gumba hakikubaliki, maana watu wanaweka kidole bila kusikiliza. Jibu kwa sauti.

Aliyeileta albamu iliyoanzisha hayo yote alikuwa Ridhiwani wa Kaole. Ridhiwani akipendekeza kitu huandika mpaka kidole kimuume. Safari hii aliandika mstari mmoja tu: "Anzeni na wimbo wa sita." Albamu yenyewe haikuwa na jina la bendi, na picha yake ilikuwa kijivu, kama ukuta uliopigwa karibu mno.

Wimbo wa sita ulianza na gitaa moja la kuchoka, na ngoma ndogo nyuma yake. Kisha sauti inaita jina. Kisha mapigo manne ya kimya, pale ambapo kiitikio kingekaa, na kiitikio hakipo. Gitaa linaendelea. Sauti inaita tena.

"Anaita Adila!" akaandika Adila wa Tanga. "Mwili umenisisimka jamani."

"Adila umemtoa wapi?" akajibu Ibrahimu wa Dar. "Anasema Ibrahimu. Mimi nina spika nzuri, si hicho kisimu chako."

"Viziwi nyote. Ni Samia," akasema mwenye jina hilo.

Wakabishana siku mbili, kila mmoja anasikia lake, na badala ya kuogopa wakamsifu fundi mitambo. Watu arobaini na mmoja wenye akili zao, waliozaliwa pwani hii, wakaonywa na mama zao tangu wanatambaa wasiitike sauti wasiyoiona! Lakini sauti ilikuja ndani ya simu, na kwenye simu kila sauti huioni. Ibrahimu ndiye aliyeanzisha mchezo: tumtilieni kiitikio maskini wa Mungu, nafasi kaiacha. Basi kila mmoja akajirekodi ndani ya yale mapigo manne, akatuma. Wanaume wakasema "Naam". Sada ana sauti nzuri. Alivuta "Abeeee" mpaka watu wakaomba airudie. Akairudia.

Baada ya juma moja uchovu ukaingia. Sada alilala amesimama, mkono juu ya mfuniko wa mashine ya kopi. Aliweka vyeti vya watu upande usio na maandishi, akawapa karatasi nyeupe, na walipogomba aliwatazama kama wanagomba na mtu aliye nyuma yake. Nyumbani alijikokota kutoka mlango hadi kitanda. Na chumbani mwake kukawa na harufu. Bi Mwanamvua ameosha maiti kumi na wanane mtaani kwake, karafuu maiti hawezi kuikosea. Akainusa mito, akainusa kanga, akafungua kabati. Mwishowe akaziinua zile waya za masikioni, akazinusa, akazirudisha taratibu kama mtu aliyeshika jongoo.

Siku iliyofuata akaja Bi Rukaya, mama yake Ridhiwani, kutoka Kaole. Viatu vyake vilikuwa na tope bichi la mikokoni. Hata shikamoo ya Sada hakungoja.

"Mwanangu mmempa nini huko kwenye simu?"

"Kaa kwanza, Bi Rukaya," akasema bibi.

"Sikai. Nikikaa nitalala, sijalala siku nne." Akateremsha sauti. "Namwita hageuki. Namshika bega, ananitazama kama namtafuta mtu mwingine. Halafu yuko peke yake, kimya, mara anaitika, Naam. Anaitika, anasimama, anakwenda. Jana adhuhuri tumemtoa mikokoni, maji yamemfika kifuani. Kila hatua anasema Naam, kwa adabu, kama anaitwa na baba yake."

Bi Mwanamvua akageuka. "Sada!" Mjukuu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. "Sada! We Sada!"

Sada alikuwa anautazama mlango wa uani, ambako hakukuwa na mtu. "Abee," akasema. Akaanza kuvaa ndala.

Ilibidi wamshike wawili.

Walipomfungia chumbani, Bi Mwanamvua akachukua simu, akasokota tambuu mpya, akajaza mashavu yote mawili, akachomeka zile waya masikioni, akabonyeza wimbo wa sita alipoonyeshwa na Bi Rukaya. Alichokitambua kwanza ni ngoma, kwa sababu enzi za ujana wake, miaka ishirini mizima, alikuwa mwitikiaji kwenye ngoma za pepo, fundi anaita na wanawake wanaitika mpaka jini apande kwa mgonjwa na kusema, na pigo lile alilijua kama anavyojua goti lake, ila hapa limegeuzwa, anayeita si fundi wala si mtu, na wanaoitika ni wagonjwa wenyewe, nyumbani kwao, kila mmoja amejiziba masikio asisikie watu wake; na alipokuwa anayafikiri hayo sauti ikamwita, "Kimvua," jina ambalo hakuna aliye hai anayelijua, kwa sauti ya mama yake akimwita aje kula, na kinywa chake cha miaka sitini na tisa kikafunguka chenyewe kama cha mtoto, na kama si tambuu iliyomjaa koo akapaliwa, akakohoa, akatapika mate mekundu juu ya kanga yake, angekwisha kuitika.

Akazing'oa waya. "Mshenzi," akasema, akatuma mtu kwa fundi.

Mzee Mwishehe, fundi wa pepo, alikuja kesho yake kwa bajaji, alasiri, na kilio chake cha kwanza kilikuwa goti.

"Ungekuja wewe kwangu, goti hili lingepumzika," alisema. "Hivi umenitoa nyumbani kwa ajili ya nini? Nimechoka, Bi Mwanamvua. Majini yenyewe yamechoka."

"Hili halijachoka. Kaa."

Wakamkalisha Sada kwenye mkeka, kanga kichwani, chetezo mbele yake, na simu juu ya sinia. Mzee Mwishehe akaubonyeza wimbo wa sita kwa kidole gumba, uso umekunjamana. Ubani ukafuka, lakini chumba kikanuka karafuu maiti. Mwito wa kwanza tu, kichwa cha Sada kikainama, na sauti iliyomtoka ilikuwa bapa, kavu, haina mwanamke wala mwanamume ndani yake.

"Karibu," akasema Mzee Mwishehe. "Unataka nini? Halua? Pete? Nguo nyekundu?"

"Nataka kuitikiwa."

"Na nani?"

"Na wote."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akamnong'oneza bibi, "Miaka arobaini na miwili nawapunga. Wanataka marashi, wanataka damu ya kuku. Huyu anataka mashabiki."

"Anatolewaje?"

"Sasa kampanda huyu, atamwita yeye tu. Akiita jina, mtu mwingine awahi kujibu kabla ya mwenye jina. Amfukuze kwa jibu, mpaka wimbo ufike mwisho, awaachie wote. Huu wimbo haujafika mwisho kwa mtu yeyote, unajirudia tu." Akalikanda goti. "Mimi siwezi. Mimi ni mwitaji, kuitika sijui. Na jibu utakalompa, atalichukua. Litakuwa lake. Usimpe jina lako, usimpe abee. Lakini chochote utakachompa, hakirudi. Fikiri kwanza."

Bi Mwanamvua akamtazama Sada, ndala zake mwenyewe kazikumbatia kifuani tayari kwa safari. Akaondoa tambuu kinywani.

"Nimefikiri. Washa."

Sauti ikaita, "Sada," na kabla midomo ya mtoto haijaachana bibi akalitia ndani ya mapigo manne jibu wanalopewa wote wanaobisha hodi kwa nia mbaya.

"Hayupo."

Gitaa likasita kidogo, kama mtu aliyejikwaa.

"Sada."

"Hayupo."

Ikaita kwa sauti ya mama yake Sada, marehemu, ikilia, naye akasema hayupo; ikaita kwa sauti ya Ridhiwani iliyojaa maji, hayupo; ikaita kwa sauti ya Bi Mwanamvua mwenyewe, na hiyo ndiyo ilimkata maini, kusikia ukali wake mwenyewe unatoka kwenye sinia ukimwita mtoto aliyemlea, na ilibidi ajijibu, hayupo, na tena hayupo, koo limekauka, mgongo unawaka, Mzee Mwishehe amesinzia na kuzinduka na kusinzia, kivuli cha dirisha kinapanda ukutani, mpaka hakujua tena kama anasema yeye au neno linajisema, lilikuwa linaingia mahali pake kwenye mapigo yale kama ndoo inavyoingia kisimani, bila kuiangalia.

Ndipo ile sauti ikauliza, polepole, karibu kwa heshima, "Nani anayeitika?"

Jina lilifika kwenye meno. Bi Mwanamvua akauma kanga.

Msikitini wakaadhini magharibi. Gitaa likapiga mara moja na kunyamaza, kama limewekwa chini. Wimbo ulikuwa umefika mwisho. Sada akaanguka ubavu, akakoroma.

Alilala siku mbili. Alipoamka alitaka uji, akasema hauna sukari, na bibi alipomwita kutoka uani aliitika mara ya kwanza. Bi Rukaya akapiga simu kutoka Kaole. Ridhiwani kageuza kichwa kwa mama yake, kaomba maji ya kunywa. Sada akawaamuru wote wafute ule wimbo, akalifunga grupu. Mzee Mwishehe alitumiwa mafuta ya goti.

Bibi yeye alikaa tu. Alisema amechoka, na nani asingechoka.

Siku ya tisa, alasiri, Sada alikuwa jikoni, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Adila wa Tanga, na wimbo chini yake.

"Shoga, naapa mimi siuchezi, lakini ona. Ule wimbo umerudi, mtu kauweka upya. Safari hii una kiitikio. Wanasema kuna bibi anaitika neno moja tu, sauti imechoka vizuri mno. Watu wanapendekezana usiku na mchana, eti ndiyo albamu ya mwaka. Wote wanaulizana, huyu bibi ni nani?"

Sada hakuubonyeza. Aliiweka simu juu ya meza, kifudifudi. Ndipo harufu ikamfikia, nyepesi, kutoka barazani.

"Bibi!"

Bi Mwanamvua alikuwa kwenye mkeka wake, ungo wa mchele mapajani, hana tambuu. Mikono haikuwa inapembua. Alikuwa anautazama mlango wa uani.

"Bibi? Bibi, nakuita!"

Kidole kimoja kikaanza kuugonga ukingo wa ungo. Kikagonga mara nne, taratibu.

"Hayupo," akasema.