Swichi Nyekundu ya Msamala

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 10 Februari 1998, moshi mwembamba ulitoka nyuma ya kompyuta pekee ya duka la uchapaji la Msamala, mjini Songea. Kabla ya moshi kulikuwa na mlio, mkali kama wa tairi lililopasuka. Watu waliokuwa wamejazana kutoa nakala za vyeti walikimbilia mlangoni. Mmoja tu alikwenda upande wa moshi: Eusebi, fundi wa redio na mitambo, mwenye karakana karibu na soko, ambaye siku hiyo alikuwa mteja kama wengine. Alichomoa waya ukutani, akainama, akanusa.

"Kaka, wewe ni mbwa wa polisi?" aliuliza msichana wa kaunta. Alivaa blauzi ya njano na sketi ya kitenge.

"Umeme ulikatika?"

"Ulikatika, ukarudi. Uliporudi tu, ndiyo paa!"

Jenereta za mji zilikuwa na tabia hiyo: umeme ulirudi kwa kishindo, kisha ukatulia. Eusebi alitoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, akafungua kasha, akagusa nyaya kwa mita yake. Waya mwekundu, sifuri. Waya wa njano, sifuri.

"Pawasaplai, hiki kisanduku kinachoipa mashine umeme, imekufa," alisema.

"Na kazi zilizomo ndani?"

"Sijapima. Nisichokipima sikisemi."

Msichana alimtazama kama anayetaka kumpiga. Jina lake lilikuwa Kasiana. Ndani ya mashine ile, alimweleza huku akimeza mate, mlikuwa na kurasa mia moja themanini na nne za baba yake. Mwalimu Athanasi, mstaafu wa Madaba, alipofuka macho miaka minne nyuma. Kila Jumapili alimsimulia binti yake habari za Madaba tangu enzi za babu zake. Kasiana aliandika kwa mkato kwenye karatasi, Jumatatu akachapa, karatasi akawashia jiko. Hapakuwa na nakala nyingine. Disketi mbili alizojaribu zilikuwa zimeliwa na vumbi.

Eusebi aliichomoa diski, ambamo kazi zote huhifadhiwa, akaibeba hadi karakana, akaifunga kwenye umeme mwingine. Ilizunguka. Alipiga simu dukani.

"Nzima," alisema.

Kasiana alipiga yowe mpaka Eusebi akaondoa sikio kwenye simu.

Diski aliirudisha mahali pake siku hiyohiyo. Pawasaplai mpya iliagizwa Dar es Salaam, ikachelewa wiki sita. Katika wiki hizo simu mbili, ya duka na ya karakana, hazikupumzika.

"Fundi, imefika?"

"Bado."

"Basi sema kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Mwanamume mzima anauliza! Sema umenikumbuka."

"Nimekukumbuka mara tatu tangu asubuhi."

"Umezihesabu?" Alicheka. "Mpenzi, wewe ukifa watakuzika na mita yako."

Ijumaa ya tarehe 27 Machi kifurushi kilishuka kwenye basi. Eusebi alifika dukani jioni, akafunga pawasaplai, akabonyeza. Mashine haikuwaka. Alipima ukutani: volti mia moja thelathini na mbili. Saa ile mji mzima uliwasha taa na pasi, na umeme ulilegea kama uji. Mafundi wote wa Songea walikuwa na njia yao. Nyuma ya pawasaplai kuna swichi ndogo nyekundu, upande mmoja 230, wa umeme kamili, upande wa pili 115, wa umeme dhaifu. Jioni waliisogeza kwenye 115 mashine ikubali kuwaka, na kabla ya kufunga wakairudisha, maana umeme wa asubuhi ulikuja na nguvu zote.

Mashine iliwaka. Kurasa mia moja themanini na nne zilikuwapo. Kasiana alimkumbatia mbele ya mteja, kisha akamvuta kibarazani kwenye chai na mihogo ya kukaanga, wakakaa mpaka mwenye duka akafunga mlango.

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, simu ya karakana ililia.

"Imelia tena," alisema Kasiana. Sauti haikuwa yake. "Eusebi, imelia tena."

Eusebi alifika kwa dakika nane. Harufu ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Aliangalia nyuma. Swichi nyekundu ilikuwa kwenye 115.

"Nani kaisogeza hii?"

"Kitu gani?"

"Hii swichi. Umewasha mashine ikiwa 115. Umeichoma mwenyewe."

"Mimi siijui hata hiyo swichi! Nimebonyeza kama siku zote."

"Swichi haijisogezi, Kasiana."

Wateja watano walikuwa wanasikiliza. Mwenye duka naye alikuwa amesimama pale pale. Macho ya Kasiana yalijaa machozi, lakini hayakudondoka.

"Unaniita mwongo mbele za watu?"

"Nasema ninachokiona."

"Basi umeshaona. Toka."

Alitoka. Karakanani alifungua daftari lake la kazi ili aandike tukio, kama alivyofanya kwa kila mashine kwa miaka tisa. Mstari wa juu ulikuwa wa jana, kwa mwandiko wake: *Saa 12:40 jioni. Volti 132. Swichi 115. Imewaka.* Mstari uliofuata: *Saa 12:55. Chai.*

Alisoma tena. Katikati ya mistari ile miwili hapakuwa na kitu. Alifunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Kila palipokuwa na 115 palifuatwa na 230. Isipokuwa jana tu. Alikaa juu ya redio ya mtu.

Alirudi Msamala kwa miguu, daftari mkononi. Duka lilikuwa bado limejaa.

"Nimekwambia toka," alisema Kasiana.

"Mimi ndiye niliyeisogeza." Aliweka daftari juu ya kaunta, akaligeuza limwelekee. Alisema kwa sauti, kwa kuwa tuhuma nayo aliitoa kwa sauti. "Niliisogeza jana jioni, sikuirudisha. Yeye hakugusa kitu."

Kasiana alisoma. "Chai," alisema taratibu. "Uliandika chai, swichi ukaisahau?"

"Ndiyo."

"Ipime diski."

Aliipima kwa saa mbili, akiwa amepiga magoti sakafuni, Kasiana akiwa amesimama juu yake. Safari hii haikuzunguka. Bamba la saketi chini yake lilikuwa limeungua sehemu tatu. Alibadilisha nyaya, akajaribu umeme mwingine, akaweka sikio. Kimya.

"Imekufa," alisema. "Nimepima kila kitu."

Kasiana alikaa chini. Hakulia. Alisema, "Kesho nakwenda Madaba. Utamwambia wewe."

Kesho yake, Jumapili, Mwalimu Athanasi aliwapokea sebuleni, akiwa amevaa koti la misa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti ya mwanamume. Kasiana, umekuja na mwanamume bila mshenga?"

"Baba, si hivyo—"

"Nimekuja kusema kosa langu," alisema Eusebi. Alilisema lote, volti kwa volti. Alipofika kwenye diski mzee alishika mikono ya kiti.

"Zote mia moja themanini na nne?"

"Zote, Mwalimu. Na nilimsingizia binti yako."

Mzee aliachia kiti, akamgeukia.

"Mwandiko wako ukoje?"

"Unasomeka."

"Basi tutaanza upya, na utaandika wewe, kila Jumapili. Lakini mwanamume asiye ndugu haji kwangu kila Jumapili hivihivi. Mimi ndiye kipofu, majirani wanaona. Lete mshenga kwanza."

"Baba!" Kasiana aliruka. "Mimi sijaulizwa!"

"Muulize," mzee alimwambia Eusebi.

Eusebi alimgeukia. "Kasiana, utakubali niwe mume wako?"

"Baada ya jana?"

"Baada ya jana."

Kasiana alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Una bahati uliandika ile chai yetu," alisema. "Lete mshenga."

Jumamosi ya tarehe 4 Aprili, saa tano asubuhi, Beda, baba mdogo wa Eusebi, alishuka Madaba kwenye basi la Njombe akiwa na barua ya posa. Mwalimu Athanasi aliipapasa bahasha, akaomba asomewe. Nyumbani hapakuwa na mwingine aliyejua kusoma bila miwani. Kasiana aliifungua, akasimama katikati ya sebule, akaisoma posa yake mwenyewe kwa sauti mpaka kwenye sahihi.